Vidonge vya Kijiji Kizima

Bibi yangu alipoambiwa kitu ni cha kugawana, aligawa kweli. Siku zile za ujamaa pale Malindi, kijiji chetu cha milimani huko Lushoto, alipewa kwenye zahanati dozi nzima ya vidonge vya rangi mbili kwa ajili ya kidonda cha mguu. Kidonda kilipoanza kukauka akaacha kumeza, akavigawa vilivyobaki. Jirani mwenye kikohozi alipata, na hata mbuzi wetu aliyechechemea alipata chake ndani ya ndizi. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye jembe lake halijawahi kuonekana kwenye shamba la ujamaa, aliomba viwili. Mimi nilikohoa kwa makusudi, nikanyimwa.

Kidonda kikarudi, na safari hii vidonge vilevile havikufua dafu.

Mwenyekiti akamleta daktari kutoka Lushoto mjini, kijana mdogo. Alimpa bibi shikamoo, ndipo akamgombeza.

"Bibi, nusu dozi inaua wadudu wanyonge tu. Wale waliobadilika kidogo, ambao dawa haiwawezi, wanabaki na kuzaana, na watoto wao wanarithi. Tena mmoja akishapata mbinu ya kuishinda dawa, anawagawia wenzake."

Bibi akainua kichwa. "Hata wasio wa ukoo wake?"

"Hata hao."

Bibi akamgeukia mwenyekiti, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Umesikia wewe? Mpaka wadudu wa kidonda changu wanakushinda ujamaa!"