Pamba Chini ya Bega

Mteja aliyemwita Mama Pindo kwa mara ya kwanza alikuwa anatania tu, ila jina likaganda. Mtaa mzima haukuwa na fundi cherehani mwingine wa kumfikia. Mwenye kitambi, mwenye makalio yaliyolala, mwenye mguu mmoja mfupi, wote walitoka kibandani kwake wamenyooka kama wamemeza rula. "Mungu anaumba, mimi namalizia," alikuwa akisema, na wateja wanacheka mpaka wanasahau kudai punguzo.

Binti yake wa pekee alipofika miaka kumi na moja, sare ya shule ikaanza kumkaa upande. Mama Pindo akampandisha kwenye kigoda, pini mdomoni, akapima, akapima tena. Kitambaa hakikuwa na kosa. Akamgeuza. Bega la kulia lilikuwa juu ya mwenzake, na mfupa wake kwa nyuma umechomoza kama bawa la kuku aliyenyonyolewa.

"Simama wima."

"Nimesimama, mama."

"Acha uvivu, nimesema wima!"

Mtoto alijikaza mpaka miguu ikatetemeka. Bega halikushuka.

Hapo Mama Pindo akamkumbuka shangazi yake, yule ambaye ukoo wote ulimwita Kibiongo hata mbele ya macho yake. Alizeekea chumba cha uani, na wageni wakija anafungiwa mlango.  Mama Pindo alichukua pamba, akaishona ndani ya bega la kushoto, akaipunguza sketi upande mmoja, na kesho yake binti akaenda shule amenyooka kama wenzake.

Mwaka huohuo binti alirudi na habari. "Mama, kesho nesi anakuja shuleni. Wasichana tutainama mmoja mmoja, atutazame mgongo."

"Kesho una homa."

"Sina homa, mama."

"Unayo. Mwanangu si ng'ombe wa mnadani."

Basi siku ile mtoto alishinda kitandani, mzima kama chuma, akisikia cherehani ya mama yake inavyokwenda.

Miaka ile ndiyo aliyorefuka, na jinsi alivyorefuka ndivyo alivyopinda. Pamba ikaongezwa, ikaongezwa tena. Alipotimiza miaka kumi na sita, mgongo ulimuuma hadi akashindwa kukaa darasani, na ngazi chache zilitosha kumkata pumzi. Mpira wa pete, aliokuwa akiupenda kuliko chakula, akauacha mwenyewe.

Mama Pindo akampeleka kwa tabibu wa kunyoosha viungo, mtu aliyesifiwa kwamba ana mikono ya dawa. Tabibu alimlaza binti kifudifudi, akapitisha vidole taratibu kwenye uti wa mgongo, kisha akavirudisha.

"Mama, nisikudanganye. Misuli nitailegeza, maumivu yatapungua, atalala vizuri. Lakini uti umepinda kama herufi S, na mikono yangu haiwezi kuunyoosha. Mtu akikuahidi kuunyoosha kwa kuusukuma, mkimbie. Kapigeni picha hospitali."

Huko hospitali daktari wa mifupa aliitundika picha ukutani. Mama Pindo aliitazama, kisha akatazama sakafu.

"Ugonjwa huu unaitwa skoliosisi," daktari alisema. "Mara nyingi hatujui chanzo, ila wakati mwingine unatembea kwenye ukoo. Ungegunduliwa mapema, mtoto bado anakua, angevaa koti gumu la kuushikilia mgongo, na huenda usingefika hapa. Samaki mkunje angali mbichi. Sasa tunazungumzia upasuaji. Kwani shuleni kwenu hawapimi? Nesi hakupita?"

 Mama Pindo akaanza kunyoosha pindo la kanga yake.

"Alipita," binti akajibu, macho kwenye ile picha. "Siku hiyo nilikuwa na homa."

Hakuinua sauti. Angepiga kelele, mama yake angepata pa kujibia.

Walimpasua, wakamtia vyuma. Alipona. Mgongo ulinyooka kwa kiasi chake, ila akiokota kitu sakafuni ilimbidi apige magoti kama mtu anayesali. Alipomaliza shule alihamia kwa shangazi yake, wifi wa mama yake, upande wa pili wa mji, akapata kazi ya kupokea wageni ofisini. Mama akipiga simu, anajibiwa: "Mzima. Wewe?" Basi.

Ndipo Mama Pindo alipoanza tabia iliyomharibia biashara. Msichana akija kupimwa sare, anamwambia ainame, mikono ielekee chini, naye anasimama nyuma yake akitazama kama mbavu za upande mmoja zimepanda. Wazazi waliguna. Siku moja, kwa msichana mmoja, aliziona zimepanda kweli, akamwambia mama wa mtoto ampeleke hospitali upesi.

Yule mama alikunja kitambaa chake. "Nimekuja kushona nguo, sikuja kutafutiwa kilema. Mwanangu mzima!" Akamshika mtoto mkono, hao wakaondoka. Mama Pindo aliwafuata hadi barabarani akiwaita, na futi yake ya kupimia shingoni, na watu wakamcheka.

Jioni alimpigia binti yake, akamweleza yote.

"Ulimwambia kwa upole?" binti akauliza.

"Kwa upole wote nilionao."

 "Na wewe, mama? Ungeambiwa kwa upole, ungesikia?"

Mama Pindo alitaka kusema ndiyo. Alibaki ameishikilia simu sikioni, mpaka binti akasema ana kazi, akakata.