Jinsi Jemadari Cadwgan Alivyokufa

Tegwen Prydderch alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Mjini kwetu hakuna aliyemwita mwandishi. Aliitwa mke wa Idwal. Idwal alipasua mawe bapa ya kuezekea kwenye machimbo pale juu, kama baba yake na babu yake, na mke wa mpasua mawe alitakiwa awe na pazia safi, kiti chake kanisani na mkate mezani. Tegwen alikuwa navyo vyote hivyo. Lakini asubuhi, Idwal akishapanda mlima, nilikuwa naisikia taipureta ikianza kugonga upande wa pili wa ukuta, na ilikuwa hainyamazi mpaka saa ya kumenya viazi.

Aliandika hadithi za mapenzi za enzi za wakuu wetu wa kale, kabla Waingereza hawajaimaliza nchi. Vitabu vyake vilikuwa na picha ya mwanamke mwenye nywele zinazopeperuka, na nyuma yake ngome na mawingu. Mwanamke huyo ni Nest, binti wa bwana mmoja wa milimani, na mpenzi wake ni Cadwgan, jemadari wa mkuu wetu wa mwisho. Kitabu baada ya kitabu walipendana, wakatenganishwa, wakatafutana kwenye theluji. Tegwen aliwaandika kwa Kiingereza, si kwa Kiwelshi chetu, kwa sababu huko London ndiko kulikokuwa na wachapishaji, na wifi yake Menna, dada wa Idwal, hakuacha kumchokonoa kwa hilo.

"Wifi, mkuu wetu walimkata kichwa wakakitundika London," alikuwa akimwambia huku akijimiminia chai. "Wewe unawapelekea na kiwiliwili."

Tegwen alicheka tu. Wakati huo walikuwa wanapendana, wale wanawake wawili. Menna hakuolewa, alikaa mtaa wa nyuma, na kila Jumapili alikula kwao nyama ya kondoo.

Idwal hakusoma riwaya. Alisoma Biblia na gazeti la Kiwelshi, basi. Ila jioni, akishanawa vumbi, alikaa karibu na moto na mkewe akamsomea kurasa alizoandika siku hiyo, akimtafsiria papo kwa papo kwa lugha yetu. Hapo ndipo nilipokuwa nawasikia wakicheka. Idwal alimwonea wivu Cadwgan, au alijifanya.

"Huyu bwana wako hana hata mafua?" aliuliza siku moja. "Amelala kwenye tope toka kitabu cha kwanza."

"Ana damu ya wakuu."

"Ana damu ya karatasi."

Halafu likaja vumbi. Vumbi la mawe haliji siku moja. Linakusanyika kifuani miaka na miaka, mtu anakohoa kama wenzake wote wanavyokohoa, mpaka asubuhi moja anasimama katikati ya mlima na mguu haunyanyuki. Idwal alirudishwa nyumbani na wenzake wakiwa wamemshika mabegani, akiwatania njia nzima. Hakurudi tena machimboni. Kwanza alishindwa kupanda ngazi, wakamshushia kitanda chumba cha mbele. Kisha akashindwa kulala chali, akawa analala ameketi. Menna alianza kuja kila siku kuleta makaa na kumgeuza, kwa sababu Tegwen alikuwa mdogo wa mwili na Idwal, hata alivyokonda, mifupa yake ilikuwa mizito.

Majira hayo hayo Tegwen alikuwa anaandika kitabu cha tano, ambamo vita vinaisha na nchi inaanguka. Bwana Hollis, mhariri wake wa London, alikuwa amempigia simu akimwambia wakati umefika, Cadwgan afe, wasomaji wako tayari kulia. Tegwen akamwua. Alimchoma mshale kando ya mto, theluji ikianguka, akamlaza mapajani mwa Nest, na Cadwgan akasema maneno mengi mazuri kuhusu nchi na mapenzi, kisha akafumba macho.

Alimsomea Idwal ukurasa huo mchana mmoja wa mvua. Menna alikuwa uani akichota makaa. Tegwen ndiye aliyenisimulia jambo hili baadaye, zaidi ya mara moja, na kila mara kwa maneno yale yale, kama mtu anayehofia kukosea.

Idwal alisikiliza hadi mwisho. Akangoja apate pumzi.

"Anaongea sana," akasema.

"Ni hadithi, Idwal."

"Mtu anayekufa hana hewa ya kusema yote hayo." Akakohoa, akatema kwenye bakuli, akafuta mdomo. "Ukitaka kujua wanavyokufa, niangalie mimi. Halafu andika hivyo. Usiwadanganye watu."

Tegwen akamwambia aache maneno hayo. Idwal akamtazama, na Tegwen hakujua macho yale yalikuwa ya kumruhusu au ya kumsuta. Kisha Menna akaingia na ndoo, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Alikufa mwezi wa pili, asubuhi. Nilikuwa jikoni kwao nikichemsha maji, kwa hiyo sikuona yote, lakini niliona ya kutosha. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya mawe aliyokuwa akiyapasua. Hakusema neno la kumuaga mtu. Alisema wafungue dirisha. Menna akamwambia liko wazi, kaka. Akasema tena wafungue dirisha, akasema tena, na hewa ya baridi ilikuwa inaingia hadi mapazia yanapepea. Tegwen alipomshika mkono aliusukuma, kwa nguvu ambayo hatukujua kama bado anayo, akamwangalia mkewe kana kwamba yeye ndiye anayemnyang'anya ile hewa. Aliendelea kumwangalia hivyo mpaka mwisho.

Kanisa lilijaa. Tuliimba kwa sauti zote nne kama ilivyo desturi, wanaume wa machimbo wakisimama nyuma, wengi wao wakikohoa. Menna na Tegwen walishikana mikono kaburini.

Wiki ile ile taipureta ikaanza kugonga. Nilidhani anatafuta kujisahaulisha. Kumbe alikuwa anamwua Cadwgan upya. Aliufuta mto, akaifuta theluji na mshale. Safari hii jemadari anajeruhiwa kifuani, jeraha linaoza, anafichwa kwenye zizi la ng'ombe na kulazwa kwenye majani majira yote ya baridi. Analala ameketi. Anatema kwenye bakuli. Siku ya mwisho anamwambia Nest afungue mlango, na mlango uko wazi, na Nest anapomshika mkono anausukuma, na anakufa akimtazama kama adui.

Bwana Hollis alipiga simu. Alimwambia amelia ofisini mbele ya watu, na hataondoa hata nukta. Kitabu kikatoka vuli iliyofuata, na magazeti ya London, ambayo hayakuwahi kumtazama, yakamsifu.

Menna hakuwa msomaji wa Kiingereza, lakini gari la maktaba lilipopita alikichukua, kwa kuwa kilikuwa cha wifi yake. Alikisoma polepole. Alipofika ukurasa ule alikuja moja kwa moja, bila koti, na kitabu mkononi. Nilikuwa nimeketi na Tegwen jikoni. Nilisimama nitoke, Menna akaniambia nikae, nisikie.

"Mlango ulikuwa wazi na yeye anasema ufunguliwe," alisema. Sauti yake haikupanda. "Hayo ya kaka yangu yalikuwa ya chumba kile, wifi. Sasa anayajua kila mwanamke anayengoja basi Liverpool."

"Aliniambia niandike, Menna. Mwenyewe aliniambia."

"Lini?"

"Ulikuwa uani."

"Nilikuwa uani." Menna akatikisa kichwa. "Alikusukuma mkono. Lile lilikuwa jambo lake la aibu, maskini, hakujua anafanya nini. Lilitakiwa lizikwe naye. Wewe umemvika upanga ukampeleka sokoni."

Tegwen aliniambia baadaye kwamba alitaka kusema Idwal alimpa ruhusa, lakini akayakumbuka yale macho, asiwe tena na hakika. Menna akaweka kitabu juu ya meza, akakinyoosha kikae sawa na ukingo, akaondoka. Jumapili hakuja kula. Kanisani alihamia kiti cha upande wa pili.

Mji wetu ni mdogo. Wengine walimuunga mkono Menna, na mchungaji alihubiri kuhusu ulimi, tukajua anamsema nani. Lakini Lowri, mjane wa mtaa wa chini ambaye mume wake naye aliuawa na vumbi, alikuja siku moja na kitabu kile mkononi akasimama mlangoni kwa Tegwen, akakataa kuingia. "Nilidhani ni mimi tu," alisema. "Miaka yote nilidhani wangu alikufa akinichukia." Akageuka akaenda zake. Tegwen aliketi chini palepale mlangoni, na mimi ndiye niliyemwinua.

Aliandika vitabu viwili zaidi. Nest aliolewa na bwana mwingine, wanaume wakachomwa mishale, wakasema maneno yao mazuri wakafa. Bwana Hollis alisema viko sawa. Tegwen hakuvisoma kwa sauti kwa mtu yeyote, na kuna siku niliisikia taipureta ikigonga neno moja, ikanyamaza asubuhi nzima.

Kisha Menna akaugua tumbo, ugonjwa wa aina isiyopona. Hakuwa na mtu. Tegwen alikwenda bila kuitwa, akamwosha, akambadilisha shuka, akamlisha supu kwa kijiko. Menna alimwacha afanye. Hakumsemesha. Wakawa hivyo majira ya kiangazi yote, mmoja akigeuza na mwingine akigeuzwa, na chumbani hakuna kinachosikika ila kijiko.

Karibu na mwisho Menna alimshika kifundo cha mkono.

"Usije ukaniandika."

"Siandiki," Tegwen akasema.

Menna aliishi siku kadhaa tena, na hazikuwa nzuri. Tulimzika kando ya kaka yake. Ile taipureta Tegwen aliibeba mwenyewe kwenye toroli hadi kanisani, kwenye mauzo ya vitu vikuukuu, na wala hakungoja kuona nani ataichukua. Bwana Hollis alipiga simu mara nyingi, nikiisikia ikilia upande wa pili wa ukuta mpaka ikakatika. Tegwen alikuwa ndani.