Nilivyosomea Kusema na Serikali

Nilisomea kusema na serikali katika chumba kimoja cha Wandegeya, juu ya duka la kuchapisha kadi za harusi, na sidhani kama Afrika Mashariki nzima kuna mtu aliyewahi kuchoshwa na masomo kama mimi. Ilikuwa miaka ya sabini, wanajeshi wametawala. Shule yetu iliitwa shule ya usiku, lakini usiku wenyewe ulianza saa kumi alasiri. Giza likiingia kila mtu alitaka awe kwake na komeo limepigwa, kwa hiyo mwalimu aliurudisha usiku nyuma, akatuachia jua lingali juu ya mabati. Sisi tuliotoka kazini tulifika tukihema kama ng'ombe wa mnadani.

Kazi yangu ilikuwa katika kiwanda cha sabuni, upande wa Bwaise. Meneja wetu alikuwa karani wa stoo mpaka wenye kiwanda walipofukuzwa nchini. Akaamka asubuhi moja, meneja. Siku hiyo aliniita.

"Kijana, wewe umekulia kambi ya polisi. Kiswahili unakijua kama hawa wenye bunduki. Kuanzia leo wewe ndiye wa kutusemea serikalini. Kuna kozi Wandegeya. Nenda ukasome."

"Nikasome nini, mzee?"

"Ukasome namna ya kupata kibali cha kostiki kabla pipa la mwisho halijaisha."

Kostiki ni ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Haikuingia nchini bila kibali, na bila yenyewe unabaki na masufuria ya mafuta ya ng'ombe na watu sitini wanaokutazama usoni. Pipa la mwisho lilikuwa limefika nusu.

Mwalimu wetu aliwahi kuandika hotuba za wakubwa wa zamani. Alikuwa na suti moja, na alituita waheshimiwa, ingawa wengi wetu tulikuwa makarani wenye viatu vinavyocheka. Alitufundisha kwamba barua isizidi ukurasa mmoja. Kwamba umtafute anayeamua, si anayepiga kelele. Kwamba useme taifa litapata nini kabla hujasema unataka nini. Alifundisha vizuri, maskini. Ilikuwa kama kufundishwa adabu za mezani wakati wa njaa.

Kila Alhamisi tulifanya mchezo wa majaribio: mmoja anakuwa kampuni, mwingine anakuwa serikali. Kwenye kiti cha mbele alikaa sajini mmoja wa jeshi, mtu wa kaskazini, mrefu, mpole wa kutisha. Ofisi yake ilimtuma, tukadhani, ili ijue makampuni yanafundishwa nini. Basi kila Alhamisi serikali alikuwa yeye, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Mpaka Alhamisi moja akakataa.

"Hapana, mwalimu. Kila siku mimi serikali. Nimechoka kuwa serikali. Leo mimi kampuni."

Mwalimu akaangaza macho akitafuta serikali nyingine, na mimi, ambaye mdomo wangu hutangulia akili kwa maili tatu, nikasimama.

Nilikaa kwenye meza ya mwalimu, nikapandisha miguu juu, nikasoma gazeti kwa muda wa dakika kama mia mbili. Sajini amesimama, kofia mkononi.

"Weye nani?"

"Mimi kampuni, afande."

"Kampuni inaipenda serikali?"

"Inaipenda sana, afande."

"Mbona imekuja mikono mitupu? Rudi kesho!"

Akatoka nje ya mlango, akaingia tena. "Kesho imefika, afande."

"Hii siyo kesho niliyosema mimi!"

Darasa likacheka, watu wakashikilia mbavu, mama mmoja wa shirika la bima akamwaga machozi kwenye daftari. Sajini hakucheka. Alivaa kofia yake, akanisogelea.

"Umefanya vizuri sana. Nani alikufundisha?"

Kicheko kikakatika kama kamba.

"Hapana mtu, afande. Nimebuni tu."

"Mm," akasema, akaenda kukaa.

Jioni ile nilitembea hadi Bwaise nikiuaga kimoyomoyo kila mtaro niliouruka.

Jumatatu nikapiga pasi shati, nikachukua barua yangu ya ukurasa mmoja, nikaenda ofisi ya vibali, ambako mwenye kutia sahihi alikuwa kapteni. Na mlangoni, kwenye kiti kidogo cha mbao, ni nani aliyekaa? Sajini wangu.

Akaisoma bahasha, akanitazama kama hajawahi kuniona tangu azaliwe. "Kapteni yuko na kazi. Ngoja."

Nikakaa kwenye benchi pamoja na wasemaji wa makampuni mengine. Kulikuwa na mzee wa kiwanda cha mikate aliyekuja na mto wake wa kukalia, akaniambia, "Mwanangu, hili benchi limekula mifupa ya wakubwa kuliko wewe." Nikangoja Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kila nilipojaribu kuinuka, sajini alisema, "Kapteni yuko na kazi." Nikajua basi, ninalipishwa ule mchezo wangu. Na kule kiwandani meneja alikuwa akichungulia pipa kila asubuhi kama mtu anayechungulia mgonjwa.

Siku ya nne, mchana, wengine wametoka kutafuta chai, sajini alikuja akasimama mbele yangu, akafungua barua yangu kana kwamba anaikagua. Alisema bila kuinua macho.

"Barua yako nzuri. Ndani hakuna mtu wa kuisoma."

"Ametoka, afande?"

"Siku kumi na moja. Walimwita, akaenda. Hapana mtu amesema kitu, na mimi hapana mtu ameniambia kusema. Basi nasema yuko na kazi." Akaikunja barua. "Kesho rudi, kaa. Ukiacha kuja watauliza nani alikuambia."

Nikarudi. Watu wananiuliza mpaka leo kwa nini mgongo wangu umepinda; ni benchi lile. Ukimngoja mtu aliyepo, miguu ndiyo huchoka. Mimi nilingoja chumba kitupu, kwa shati lililopigwa pasi, nikijikohoza kila mlango ulipotikiswa na upepo ili nionekane nina matumaini. Nilimtazama yule mzee na mto wake, jinsi alivyokaa ametulia bila kuuliza chochote, nikaanza kuwaza kwamba pengine anajua. Pengine benchi zima linajua, na kila mmoja anamwogopea yule aliyemwambia. Sikumwuliza. Naye hakuniuliza. Tulizungumza kuhusu mvua.

Kiwandani nilimwambia meneja mazungumzo yanaendelea.

"Yamefika wapi?"

"Mlangoni, mzee."

Pipa lilikuwa limebaki la kukwangua wakati afisa mpya alipotokea, asubuhi moja, bila maelezo. Alifungua mlango, joto la ndani likatupiga usoni, akageuka akatuona tumejipanga ukutani.

"Nyinyi wote mnataka nini?"

"Sahihi, afande," tukasema, sote, kama wanafunzi wa darasa la kwanza.

Akatia sahihi kila karatasi iliyowekwa mbele yake. Hakusoma hata moja. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nikafika kiwandani na kibali, wanawake wa kufunga sabuni wakapiga vigelegele vilivyosikika Entebbe, na meneja, kwa furaha, akamwandikia mwalimu wangu barua ya shukrani.

Ndiyo maana Alhamisi iliyofuata mwalimu aliniita mbele. Suti ilikuwa imepigwa pasi upya.

"Mheshimiwa, tueleze. Ulifanyaje?"

Sajini alikuwa kiti cha mbele. Ningesema nilikaa tu, wangeuliza nilikuwa nikimngoja nani. Nilikuwa nimechoka mno hata kuogopa vizuri, lakini mdomo, asante Mungu, haujawahi kuchoka. Nikasema nilitumia barua ya ukurasa mmoja. Nikasema nilianza na faida ya taifa: sare safi za askari, watoto safi, hospitali safi. Nikasema kapteni alilengwalengwa na machozi, akaniita ndugu, karibu anipe kiti chake. Mwalimu alinipa mgongo upesi, akaanza kuandika hatua zangu ubaoni, moja hadi saba, na nadhani hakutaka tumwone macho.

Sajini akafungua daftari, akalamba ncha ya penseli, akaandika kila neno.

"Ndugu," akaniambia, "rudia pale pa machozi. Mwalimu anaandika haraka."

Nikarudia, polepole, mpaka akamaliza. Kisha nikaenda mahali pangu nikanakili na mimi, zote saba, kwa sababu mwalimu alisema zitakuja kwenye mtihani.