Petroli ya Kunusa Tu

Mjomba wangu Osmarino alifanya kazi miaka ishirini na mbili kwenye kiwanda cha miwa huko Sertãozinho, Brazili, na hajapona hadi leo. Alipohamia kwetu Lages alikuja na gari lake jeupe la mwaka themanini na sita, linalokunywa alkoholi ya miwa tu. Ukipanda, unapigwa mahubiri: "Moshi wa petroli ukipanda angani umepanda. Moshi wa hili unarudi shambani, miwa inaunyonya, tunaikamua tena!" Amina mjomba, sasa tupeleke sokoni.

Shida ni kwamba Lages kuna baridi, na alkoholi kwenye baridi haitaki kuamka. Ndiyo maana chini ya boneti kuna tangi dogo la petroli, kidogo tu ya kuamshia injini. Watu wenye akili hulijaza kila Mei. Mjomba yeye kalijaza alkoholi. "Petroli haikanyagi kwangu!"

Halafu binti yake Jussara akaenda kumpenda Clodoaldo, anayeuza petroli kituoni. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku ya harusi, Julai, nyasi zimeganda nyeupe kuliko shela. Misa saa tatu asubuhi, saa nne padri ana harusi nyingine. Wote wametangulia kanisani. Tumebaki bibi harusi, mimi, na mjomba aliyeapa kwamba mwanawe hapandi gari lingine. Akawasha. Likakohoa. Akawasha tena. Kimya.

"Baba, utaua betri."

"Linajipanga, mwanangu."

"Linajipanga? Saa tatu kasoro robo hii!"

Jussara akapiga simu. "Clodo, njoo na petroli. Baba ameishiwa ujanja."

Kwetu bwana harusi akimwona bibi harusi kabla ya kanisa ni mkosi, kwa hiyo nikamfunika Jussara blanketi la mbwa kiti cha nyuma. Clodoaldo akafika na pikipiki, suti nyeusi, chupa mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Weka kidogo."

"Kiasi gani?"

"Cha kunusa tu! Na usimwambie mtu."

Akafyonza alkoholi kwa mpira, akatema, akamimina petroli, nyingine ikamwagikia suti.

"Bado?" blanketi likauliza.

"Nyamaza, mkosi wewe!" nikalikemea.

Mjomba akafumba macho, akawasha. Gari likanguruma kama halijawahi kugoma maishani.

Saa tatu na dakika tano alimkabidhi binti yake madhabahuni. Akamnusa bwana harusi, akakunja pua, halafu akamkumbatia.

"Leo unanukia, mkwe."

Padri akasogeza mishumaa mbali.