Silabi Moja ya Ndugu Ubertino

Ndugu Ubertino alitunza vitabu vya monasteri ya San Veriano kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia asante. Si kwamba aliingojea. Baba yake alikuwa mchoma mkaa wa bondeni, na mtoto wa mchoma mkaa akishafundishwa Kilatini na kukabidhiwa ufunguo, huona ameshalipwa. Kila kiangazi, baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane, aliviteremsha vitabu vyote mia moja na vinne, akavianika kivulini, akavipangusa ukurasa kwa ukurasa, kisha akavirudisha masandukuni pamoja na majani ya pakanga ili wadudu wasivisogelee. Mwaka paa la mnara vilimokaa lilipopasuka, alivihamishia chumbani mwake, na yeye akalala ukumbini juu ya majani makavu hadi Pasaka. Kikohozi kilichomshika huko hakikumwachia tena.

Oktoba moja akaja bwana mmoja, Messer Lattanzio Bencini, msomi wa Florence, amepanda nyumbu. Siku hizo wasomi wa Florence walikuwa wameshikwa na homa ya Warumi wa kale, na walipanda milima kupekua monasteri kama watu wanaotafuta mbuzi aliyepotea. Alikaribishwa supu ya vitunguu, akaimaliza, akaongezwa.

"Ndugu," msomi alimwambia Ubertino, "natafuta hotuba ambazo dunia imezipoteza kwa miaka elfu." Akamtaja Mrumi aliyezitunga.

"Hazijapotea, Messer. Ziko sanduku la tatu."

Messer Lattanzio alipokifungua kitabu kile, machozi yalimtoka, machozi ya kweli, na kwa machozi hayo Ubertino akampenda. Lazima niliseme hilo, maana bila hilo utamwona mzee wa watu mjinga, na mjinga hakuwa.

"Tazama herufi hizi! Duara, safi, zinapumua! Huu ni mkono wa Mrumi mwenyewe!"

"Ni mkono wa Ndugu Adalperto, Messer. Alikuwa mnakili wa hapahapa, zamani. Jina lake liko ukurasa wa mwisho."

"Ndugu yangu, wewe tunza vitabu. Umri wa kitabu niachie mimi."

"Sawa, Messer. Ila Mrumi wa kale asingeandika 'niombeeni kwa Mtakatifu Veriano.'"

Msomi alicheka, kile kicheko cha kumchekea mtoto. Wasomi wote wa Florence waliamini hivyo: herufi wakiziona nzuri, basi ni za Warumi, kwa sababu mtawa hawezi kuandika vizuri.

Walikaa siku mbili wakibishana juu ya kitenzi kimoja. Ubertino alikuwa amezisoma hotuba zile mara kumi na moja, na hajawahi kupata mtu wa kuzizungumza naye. Messer naye akamvika kilemba cha ukoka: "Wewe ndiye Mrumi wa mwisho katika milima hii." Siku ya tatu akaomba akiazime kitabu kwa siku arobaini, akinakili.

Abate Gualfredo, mkuu wa monasteri, alimwita Ubertino pembeni. "Unamdhamini?"

"Namdhamini, Baba."

"Basi sikiliza. Kwaresima ikianza nataka vitabu mia moja na vinne. Kikikosekana kimoja, ufunguo nautaka."

Siku ya kwanza ya Kwaresima, vitabu vyote hutandazwa juu ya zulia katika ukumbi wa mkutano, kila mtawa hurudisha alichokuwa nacho na kuchukua kingine. Vilihesabiwa mara mbili. Vilikuwa mia moja na vitatu. Ubertino aliandika barua Florence akajibiwa kwamba kitabu kinanakiliwa. Akaandika tena: kiko kwa rafiki, kinaheshimiwa sana. Ya tatu haikujibiwa.

"Kitabu chako kimeoa mjini," Ndugu Pippo, mpishi, alimtania.

"Kitarudi."

"Kitarudi na wajukuu!"

Ufunguo akapewa mtunza ghala, ambaye aliona sanduku la tatu linafaa sana kwa jibini. Ubertino alipelekwa jikoni kumenya vitunguu. Hakulalamika kwa mtu, lakini usidhani hakuumia. Aliumia kila alipopita mlango wa mnara na kusikia harufu ya jibini.

Mwaka wa tatu, baada ya Pasaka, kifurushi kikafika: hotuba zile zile katika kitabu kipya, jalada jekundu, zawadi ya Messer Lattanzio kwa abate. Ubertino alikifungua mwishoni kwanza. Jina la Adalperto halikuwepo. Mwanzoni palikuwa na dibaji ndefu iliyoandikiwa kardinali.

"San Veriano imetajwa mbele ya kardinali!" abate alisema, uso umemng'aa. "Isomwe leo wakati wa chakula."

Zamu ya kusoma wiki ile ilikuwa ya Ubertino. Watawa hula kimya huku mmoja wao akisoma kwa sauti juu ya mimbari. Akikosea, abate hugonga meza, na msomaji hupiga magoti mbele ya wote na kulirudia neno kama linavyotakiwa.

Akapanda. Akasoma kwamba kitabu hiki kilikutwa gerezani, chini ya mnara unaovuja, kimezikwa katika vumbi na uvundo, kikinyoosha mikono kuomba msaada. Kwamba mlinzi wa gereza hilo alikuwa mtawa mshenzi anayenuka vitunguu, asiyejua alichokilinda. Shukrani ya punda ni mateke, na mateke haya aliyekuwa akipigwa ndiye aliyetakiwa ayatamke mwenyewe, kwa Kilatini kizuri, bila kukosea. Watawa wengi Kilatini chao kiliishia kwenye sala. Waliendelea kunywa supu. Abate alielewa kila neno, na alikuwa akitabasamu akisubiri jina la monasteri litajwe tena.

Kisha ikaja sentensi yenyewe: Mimi, Lattanzio, *eripui*. Nimekiokoa.

Katika Kilatini, kati ya kuokoa na kuiba kuna silabi moja tu, tena ya mwanzo.

"*Surripui*," alisoma Ubertino.

Abate akagonga meza. Vijiko vikasimama.

"Soma kilichoandikwa."

"Nimesoma kilichotokea, Baba."

"Hukuulizwa kilichotokea."

Ubertino alishuka. Magoti yake hayakuwa yakikunjika vizuri tena, ikabidi ashike ukingo wa meza, akunje kwanza la kulia, kisha la kushoto. Pale chini aliona viatu vya wenzake aliokaa nao maisha yake yote, na hakuna kiatu hata kimoja kilichosogea.

"*Eripui*," alisema.

"Sikusikia."

"*Eripui*, Baba."

"Vizuri. Endelea, bado kurasa mbili."

Mzee akainuka, akapanda, akatafuta mstari kwa kidole.

"Kwani kakosea nini?" Ndugu Pippo alimnong'oneza jirani yake.

"Sijui. Kilatini cha wakubwa hicho. Nipe chumvi."