Jina Nililoliweka Zizi la Mwenzangu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona. Ilikuwa kiangazi, Kahama, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa kijana wa kuuza vitambaa katika duka la Mama Shirini, mama wa Kihindi aliyelirithi duka lile kwa marehemu mumewe. Mchana ule hapakuwa na mteja. Vumbi la barabarani lilikuwa likiingia polepole na kutua juu ya majora, na mimi nimeegemea kaunta, nusu nimelala nusu niko macho, namuwaza mama yako. Ndipo Shija alipoingia na habari ya majina.

Najua unashangaa. Jana uliponijia na maneno yako ya domeni, ukaniambia unataka kuuza ng'ombe ununue majina ya tovuti uje kuyauza kwa faida, ulinieleza taratibu sana, kana kwamba mimi ni mgonjwa. Nilikuacha umalize. Sikutaka kukukatisha, maana ulikuwa na macho yale yale niliyokuwa nayo mimi. Lakini biashara hiyo niliijua kabla hujazaliwa, na nusura inikoseshe mama yako. Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine leo, unamsumbua yeye badala yangu.

Shija alikuwa rafiki yangu tangu utoto, tulichunga pamoja kule kijijini kwetu Samuye. Alikuwa ametoka Mwanza, ambako alionyeshwa kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu.

"Masanja, achana na vitambaa," akaniambia. "Dunia inahamia humo ndani. Kila kampuni itataka anwani, na anwani yenyewe ni jina. Anayewahi jina ni lake. Mwingine akilitaka anakuja kwako kwa adabu."

"Na hayo majina yako wapi?"

"Yamelala tu. Hakuna aliyeyagusa. Tutaukata, ndugu yangu."

Yamelala tu! Maneno hayo yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Uelewe siku zile zilivyokuwa. Dhahabu ilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Magari meupe ya watafiti yalipita kuelekea Buzwagi na kurudi yamejaa vumbi, na kila basi lililotoka Geita lilishusha hadithi ya fulani aliyelala maskini akaamka ana nyumba ya bati. Mimi nilikuwa mwoga wa kushuka kwenye duara, lile shimo la wachimbaji. Sasa naambiwa iko dhahabu isiyotaka kamba wala sururu, inataka kuitwa tu. Basi nikawa natembea ndotoni. Nilikuwa nikimpimia mteja kitambaa, mkono unaenda wenyewe, unapita mahali pa kukata, mpaka Mama Shirini ananiita kutoka kwenye kiti chake: "Masanja, unampimia mpaka Tabora?" Wateja wanacheka. Mimi nacheka nao, ila moyoni niko mbali, naona majina yanaelea juu ya mbuga yakinisubiri.

Mali yangu ilikuwa moja tu: ng'ombe ambao baba, yaani babu yako, alinitengea kwa ajili ya mahari. Baba yake Nyanzobe, yaani baba wa mama yako, alikwisha kubali. Kilichosubiriwa ni mavuno ya pamba yaishe, ng'ombe wapelekwe, bibi harusi aje. Hao ndio niliotaka kuwauza.

Nikaenda Samuye. Nilimkuta baba zizini, jua linazama, anawakuna ng'ombe shingoni mmoja mmoja. Nikamwamkia, akaitika marahaba, nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kuacha kukuna.

"Hayo majina," akauliza, "mkiyaita, nani anaitika?"

Nikamwambia Shija ana majina ya makampuni yanayotafiti dhahabu, tutayachukua kabla hawajashtuka, na wao wataitika kwa pesa.

Baba akaguna. "Hayo yana wenyewe. Bebe Masanja, uingie kwenye mji wa mtu, uchukue jina la mwanawe, halafu umuuzie baba yake? Huyo hatakuja kwako na pesa. Atakuja na askari."

Aliposema "bebe," yaani wewe, kwa Kisukuma chake kile cha ukali, nilijua hapo hapana mjadala. Nikamwahidi tutayaacha ya watu, tutachukua maneno yasiyo na mwenyewe.

"Na hayo, yatakaa zizi la nani?"

"La Shija, baba. Yeye ndiye anayejua mambo ya kule. Ni kama ng'ombe wako walivyo kwa Mzee Kadashi."

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze. Sisi mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine anawaweka kwa rafiki kijiji cha mbali, ili ugonjwa au wezi wakipita hapa, kule kibaki kitu. Rafiki anakunywa maziwa, anawatunza, na ng'ombe wanabaki wako. Hakuna karatasi. Baba alikuwa na ng'ombe kwa Kadashi upande wa Msalala tangu sijapata akili, na sikuwahi kusikia wakigombana. Nilikuwa nimekua nikijua kwamba mali yako inaweza kulala kwa mwenzako na wewe ukapata usingizi.

Baba alifunga ndama mpaka wa mwisho. Kisha akasema, "Kadashi ana majirani."

Basi. Nikadhani mzee amechoka. Ng'ombe walikuwa wangu, hakunizuia, nikawauza.

Tukaenda Mwanza, Shija na mimi. Chumba kilikuwa kidogo, mashine inanguruma, waya wa simu unalia mluzi, na kwenye kioo mambo yanatokea taratibu, mstari baada ya mstari. Pesa zilipitia kwa ndugu yake Shija aliyekuwa ng'ambo, kwa sababu huku kwetu hapakuwa na njia ya kulipa. Tulichukua majina mengi ya vilima na maduara ambayo hata Geita kwenyewe yanajulikana na wachimbaji tu. Leo najiuliza tulidhani nani angeyaitikia hayo. Lakini mwishoni niliomba neno moja nililoliota, neno tupu: dhahabu. Likapatikana. Nililiona pale kwenye kioo, mwanangu, na machozi yakanilenga.

Nikamuuliza Shija, "Mbona mwenye mali umejiandika wewe?"

"Si nakuwekea tu. Kila mtu anajua ni lako."

Nikatosheka. Niliona ng'ombe wangu kwenye zizi la mwenzangu, nikapanda basi nikarudi Kahama nimelala njia nzima usingizi mtamu.

Miezi ikapita. Pamba ikavunwa. Mzee wa Nyanzobe akaanza kuuliza, nami nikawa naomba muda. Shija yeye akachoka kusubiri, akaingia machimboni Geita. Halafu mchana mmoja, mwaka umeshapita, akaja dukani Karimu, mpwa wake Mama Shirini, anayeuza pampu na vifaa vya uchimbaji Mwanza. Tukiwa tunakunywa chai akasema anatafuta jina kwa ajili ya biashara yake, ila limeshachukuliwa.

"Jina gani?"

"Dhahabu."

Nikaweka kikombe chini. "Ni langu hilo!"

Karimu akaniangalia kwa huruma. "Bwana Masanja, nilitazama mwenyewe mwezi uliopita. Mwenye jina ni Shija. Wewe humo hupo. Mlete basi huyo Shija tuzungumze, mimi nalitaka kweli."

Siku ya pili niko Geita. Nikauliza kwenye maturubai, nikazungushwa, mpaka nikamkuta akitoka kwenye duara, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka vidole. Sijamwona tena mtu aliyefurahi vile kuniona. Hakuwa mwizi Shija, nataka ulijue hilo. "Ni lako, ndugu yangu," akasema, "twende sasa hivi nikuandikie." Hakuoga hata. Tukaenda hivyo hivyo.

Kule Mwanza akafungua sanduku lake la barua pepe. Lilijaa barua ambazo hazikuwahi kufunguliwa. Jina linaisha muda, lipieni. Jina linakaribia kuisha, lipieni. Mtu yuko chini ya ardhi, nani amsomee? Hatukujua kwamba jina halinunuliwi kama ng'ombe, ukishamtoa mnadani amekwisha kuwa wako. Ni la kukodi kama kizimba cha sokoni, usipolipia anapewa mwingine. Tulipolitafuta lilikuwa mikononi mwa mtu wa mbali tusiyemjua, limemponyoka hata Karimu. Tulichelewa kidogo tu. Shija alikaa sakafuni akashika kichwa, vumbi linamdondoka. Mimi nilitoka nje nikalia barabarani, watu wananipita.

Nililia kwa ajili ya Nyanzobe. Nilienda kwao mikono mitupu, nikamwambia ukweli yeye kwanza. Alikuwa akipepeta mtama. Hakusimamisha ungo.

"Kwa hiyo uliniuza mimi, ukanunua neno," akasema.

Nikageuka, nikashika njia ya Samuye.

Nilimwambia baba nikiwa natazama chini. Nilingoja matusi. Akasema tu, "Vaa viatu." Tukashika njia ya Msalala. Tulipofika kijijini kwa Kadashi, kabla hatujafika nyumbani kwake, mama mmoja shambani akapaza sauti, "Mwenye ng'ombe wekundu huyo!" Mbele kidogo watoto wakatukimbilia wakaanza kumhesabia baba ndama wake, nani kazaa, nani ana mimba. Hata wao walijua. Mzee Kadashi akatoka akicheka, akafungua zizi bila kuulizwa neno. Ng'ombe walikuwa wameongezeka, baba akanipa wa kutosha mahari.

Tukiwa njiani kurudi, tumewatanguliza, baba akanigusa bega. "Umeona? Kadashi hata angetaka kusahau, nani angemwacha asahau? Sasa nionyeshe majirani wa lile jina lako."

Nilitembea nikitazama mikia ya wale ng'ombe ikipunga inzi kwenye mwanga wa jioni, nikaona nimeamka.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikukatazi majina. Karimu alilitaka lile jina, kwa hiyo sikuwa nimeota yote. Ila usiguse jina la kampuni ya mtu wala la mtu, hata likiwa wazi mbele yako. Na kabla hujalipia jina lolote, jiulize lile swali la babu yako: nikiliita, nani ataitika? Kama huwezi kunitajia hata mfanyabiashara mmoja wa kweli, liache lilale. Mwenye mali uandikwe wewe, siyo rafiki, siyo fundi wa tovuti, siyo hata mimi. Funguo zake za siri zikae kwako, na barua za kukumbusha malipo zije kwako, mahali unapofungua kila siku. Siku ya kulipia usiiache kichwani, kichwa cha kijana kina mengi. Na usiuze zizi zima kwa ajili ya ndoto moja, hata ikiwa nzuri vipi.

Yule ng'ombe mwekundu unayetaka kumuuza ni uzao wa wale wa kwa Kadashi. Mama yako anawajua wote kwa ukoo wao. Muuze huyo mmoja, nimekubali, lakini nenda ukamwombe mama yako mwenyewe, kwa mdomo wako, ukimtazama usoni. Mimi sithubutu tena.

Nenda, mwanangu. Mungu akufumbue macho ukiwa bado unaota, akupe marafiki wa aina ya Kadashi, na kila utakachokiita chako, siku ukikiita, kiitike.