Baba Dirishani, Nkambo Mbele ya Televisheni

Baba yangu alitoa pikipiki yake akapata televisheni ya rangi, na tangu siku ile akawa anakwenda kwa miguu kwenye tanuru la shaba alikokuwa mnyapara. Aliyebadilishana naye ni mwenzake wa kazini aliyehamishiwa mji mwingine. Mama alisema yule mwenzake lazima bado anacheka huko aliko.

Seti ilikaa ndani ya kabati la mbao lenye milango miwili na kufuli, na ufunguo Baba aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Mbele ya kabati palikuwa na kiti kikubwa cha kitambaa chekundu. Hatukuruhusiwa kukikalia hata Baba akiwa kazini. Kwa rangi zote hizo tulichoona zaidi ni hotuba, kisha akina mama wa Chama wakicheza kwa vitenge vya kijani, kisha hotuba. Kabla ya taarifa ya habari, uso wa Kiongozi ulitokea mawinguni na kuanza kushuka taratibu.

Lakini Jumapili saa kumi na moja jioni palikuwa na kitu cha maana: tamthilia ya Kifaransa. Ilihusu mwanamke mzee, mjane, mwenye kinu cha maji cha kusagia ngano, na mume wa binti yake aliyekitaka kinu hicho. Kila Jumapili wale wawili waligombana mezani. Baba alikuwa upande wa kijana moja kwa moja. Alikaa kwenye kiti chekundu na kumshauri kwa sauti, kana kwamba ni mtu wa zamu yake.

Ndipo Mama akajifungua, na mama yake akaja kwa treni kutoka kaskazini kumwogesha mtoto. Huyo ndiye bibi yangu, tulimwita Nkambo.

Sisi watu wa kaskazini ya Katanga, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani. Si ugomvi, ni heshima, na sijawahi kuona heshima yenye kazi nyingi kama hiyo. Baba alianza kukohoa tangu kwenye uzio, Nkambo akakimbilia chumba chetu, Baba akapita, Nkambo akatoka. Wakiwa na neno la kuambiana walinituma mimi, binti wa darasa la sita, hata kama kati yao palikuwa na ukuta mmoja tu na wote wawili walisikiana vizuri.

Jumapili ya kwanza Nkambo alitandika mkeka sebuleni, mbele kabisa ya kabati, akaketi na mtoto mapajani. Baba alikohoa nje. Nkambo hakuondoka. Baba akakohoa tena kama mgonjwa wa kifua.

"Ambia ule upepo wa inje," Nkambo akaniambia bila kugeuza shingo, "miye niko naangalia."

Mtu hawezi kumfukuza mama mkwe kwa ajili ya filamu. Baba aliniita nyuma akanipa ufunguo nifungue kabati, akachukua kigoda cha jikoni, akaenda kukaa kwenye baraza lisilo na paa nje ya dirisha. Akatazama televisheni yake ya rangi kupitia nondo na wavu wa mbu. Majirani waliopita walimsalimu kwa lile neno la Chama la "raia": "Citoyen, namna gani? Banakufukuza?" Akajibu kwamba anapunga hewa. Ilikuwa msimu wa baridi, na alikuwa amevaa makoti mawili.

Nkambo hakujua Kifaransa, kwa hiyo mimi niliketi kati ya mkeka na dirisha nikitafsiri. Kazi hiyo niliifanya kwa adabu kuliko ukweli. Watu walipobusiana nilisema wanaagana. Nkambo akashangaa: "Bale bantu banaagana kila siku, na hakuna mwenye anaenda!" Nje nilisikia Baba akijikaza asicheke.

Kilichomshtua zaidi ni ile meza. "Yee na mukwe wake? Banakula pamoja? Banaangaliana mu macho?" Akajifunika uso kwa kitenge kwa aibu, kisha akaacha nafasi ndogo ya jicho moja. Tangu hapo akawa upande wa mwanamke mzee, na kila aliposema neno kuhusu yule kijana mlafi, dirisha lilikohoa. Hata Kiongozi hakumponyoka. Alimtazama akishuka mawinguni siku tatu mfululizo, akaniuliza: "Ule baba anashuka kila siku, hafikake chini?" Mama akakimbia kufunga mlango.

Nkambo alikuja akae mwezi mmoja. Mtoto akajua kucheka, akajua kukaa, Nkambo bado yupo. Mama alipomgusia habari ya treni, alisema hawezi kuondoka akamwacha yule mama peke yake na kinu.

Baba alivumilia yote kwa ahadi moja. Nilimsikia akimwambia Mama jikoni, kwa uchungu kabisa: "Ile ya mwisho nitaiona mu kiti yangu. Ata mbingu ianguke." Sikumcheka. Mwanaume huyu alitembea kwa miguu kwenda kwenye moshi siku sita kwa wiki, na alichotaka ni kukaa saa moja kwenye kiti chake aone kinu kimebaki na nani. Nilimhurumia sana, ila sikuona njia.

Jumapili ya mwisho hotuba ilimeza tamthilia yote. Ikasogezwa wiki moja, na wiki hiyo mvua zikaanza.

Ilinyesha kuanzia saa kumi. Baba alikaa nje ya dirisha na mwavuli mkononi, maji yakimpiga magoti, na kila mara ilimbidi apanguse wavu kwa leso. Muziki wa kuanza ukapiga. Nkambo alisikiliza ile mvua. Akageuza kichwa kidogo tu, si mpaka dirishani. Kisha akavua kitenge cha begani, akajifunika kichwa chote mpaka kifuani. Safari hii hakuacha nafasi ya jicho.

"Ambia ule upepo uingie," alisema ndani ya kitambaa. "Miye sioni muntu. Weye utaniambia."

Nilielewa alichotoa. Miezi mitano alimngojea yule mama wa kinu, na sasa anaufunika mwisho wake ili mtu mwingine auone. Baba aliingia kwa vidole vya miguu, akidondosha maji sakafuni, akaketi kwenye kiti chekundu ukingoni kabisa, kama mgeni. Hakushauri mtu yeyote.

Kwenye tamthilia nako ilinyesha. Mto ulifurika, maji yakaingia kinuni, mwanamke mzee akateleza ngazini. "Ameanguka, Nkambo. Maji iko inapanda." Kisha yule kijana akaingia mbio, akamwinua mama mkwe wake kwa mikono miwili, akamkumbatia kifuani na kutoka naye, shavu kwa shavu.

Nitasemaje neno hilo, bibi yangu huku na baba yangu kule? Kuagana hakukufaa hapa.

"Njo nini?" Nkambo akauliza. Sikujibu. "Amekufa?" Kitenge kikaanza kutikisika. Alikuwa analia, na mimi nilibaki nimekodoa macho kama mjinga.

"Hapana, mama!" Baba akaruka kutoka kitini. "Hakukufa! Ule mukwe wake amemubeba! Banatoka mu maji!"

Mama alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, akaganda hapo. Tangu amuoe Mama, Baba hakuwahi kumwambia mama mkwe wake neno. Baba mwenyewe aliziba mdomo kwa kiganja. Kitenge kilitulia.

"Basi nyamaza kwanza, baba," Nkambo akasema. "Tusikie."

Tukasikia mpaka mwisho.

Kosa kama lile kwetu lina faini yake, na kesho yake Baba alitoka kazini akiwa na kuku mweupe kwapani. Akakohoa kwenye uzio, akasimama nyuma ya ukuta, akanituma: mwambie nkambo yako nilikosa, mdomo ulitoka wenyewe, hii ndiyo kuku ya kumuomba msamaha.

Nkambo alikuwa anafunga mizigo yake ya treni. Alifikiri kidogo, akapaza sauti kuliko ilivyohitajika.

"Ambia baba yako, miye sikusikia kitu. Mvula ilikuwa mingi sana," alisema. "Lakini ile kuku, alete yeye mwenyewe."